Rubani wa Malindi: Uhusika Usio na Jina katika Matini za Safari ya Vasco da Gama ya Mwaka 1498

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna rubani aliyeviongoza vyombo vya Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 anavyosawiriwa katika matini tano: shajara ya safari, historia ya João de Barros, utenzi wa Luís de Camões uitwao Os Lusíadas, historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, na historia ya Yemen ya Qutb al-Din al-Nahrawali. Hoja kuu ni kwamba kila matini inampa rubani huyu dini, kabila au tabia kwa kadiri ya haja ya msimulizi, na kwamba mjadala mrefu kuhusu jina lake umefunika tukio lililo wazi katika shajara yenyewe: rubani alipatikana baada ya mtumishi wa mfalme wa Malindi kukamatwa. Makala yanaonyesha kuwa kufutwa kwa tukio hilo ndiko kulikowezesha kuzaliwa kwa sura mbili zinazopingana, ya rubani mwaminifu na ya rubani msaliti. Aidha, yanajadili istilahi za Kiswahili zinazotumika kuisimulia safari hii na mchango wake katika uhakiki.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya Wazungu kutafuta njia ya baharini ya kufikia biashara ya viungo, sehemu ya safari iliyo kati ya Malindi na pwani ya Malabar ndiyo fupi na nyepesi kuliko zote. Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na vyombo vinne. Kimoja, kilichobeba akiba, kilivunjwa njiani, na vitatu vilivyobaki vilifika Malindi katikati ya Aprili 1498, baada ya miezi tisa ya dhoruba, maradhi na ugomvi. Viling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili. Tarehe 18 Mei mabaharia waliiona nchi kavu ya Bara Hindi. Bahari ambayo mabaharia hao hawakuwahi kuivuka ilivukwa kwa muda usiofikia wiki nne, kwa sababu chomboni alikuwamo mtu aliyeijua.

Mtu huyo ndiye mada ya makala haya. Wanahistoria wamemwandikia sana, na swali lao limekuwa moja: alikuwa nani? Swali hilo ni halali, lakini si la kihakiki. Mhakiki wa fasihi anayekutana na mhusika asiye na jina huuliza kwanza kwa nini hana jina, nani anafaidika na ukimya huo, na nini kinatendeka pale jina linapotafutwa kwa nguvu. Maswali haya yanatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Msomaji wa Lisbon anaweza kumchukulia rubani kama kipengele kidogo cha safari kubwa. Kwa msomaji wa pwani, rubani amekuwa kipimo cha jambo zito zaidi: je, sisi ndio tuliomfungulia mgeni mlango?

Jibu la swali hilo limetolewa mara nyingi kwa njia mbili. Wapo wanaolijibu kwa fahari: Mzungu hakugundua kitu, alionyeshwa njia na watu waliokuwa wakiipita kwa karne nyingi. Wapo wanaolijibu kwa masikitiko: mtu wetu aliuza siri ya bahari, na miaka saba baadaye Kilwa na Mombasa zikateketezwa. Makala haya yanadai kwamba majibu yote mawili yanasimama juu ya matini zilizokwisha kurekebishwa, na kwamba tukizisoma matini hizo kwa mfuatano tutaona mahali rekebisho lilipofanyika.

2.0 Shajara ya safari: rubani kama fidia

Matini ya kwanza ni shajara ya mmoja wa watu waliosafiri na da Gama. Mwandishi wake hakujitaja, ingawa wataalamu wengi wameihusisha na Álvaro Velho. Imesalia nakala moja tu ya mkono, na ilichapwa kwa mara ya kwanza Porto mwaka 1838. Kwa hiyo historia ya Barros na utenzi wa Camões ziliwafikia wasomaji wa chapa kabla ya hii iliyo karibu zaidi na tukio. Jambo hilo si dogo. Kwa takriban karne tatu, sura ya rubani ilijengwa na watu ambao hawakuwepo.

Shajara haina urembo. Mwandishi anataja siku, upepo, vyakula na hofu. Ukavu huo ndio unaoifanya iseme mambo ambayo mwandishi mwenye nia ya kusifu angeyaficha. Anaeleza kwamba huko Msumbiji da Gama alipata marubani kwa makubaliano na mtawala wa pale, na kwamba mmoja wao alipotaja visiwa fulani kuwa ni bara alichapwa viboko, na kisiwa kimojawapo kikapewa jina la aliyechapwa. Anaeleza kwamba bandarini Mombasa marubani walijirusha majini wakatoroka, na kwamba usiku ule da Gama aliwahoji wawili miongoni mwa watu waliokuwa chomboni kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka mwilini, mpaka wakasema kuwa kulikuwa na njama. Anaeleza pia kwamba baada ya kuondoka Mombasa Wareno waliteka chombo kidogo chenye watu 17, na kwamba ni mateka hao waliosema kwamba Malindi kuna vyombo vya Wahindi na marubani wanaweza kupatikana.

Kufikia Malindi, basi, msomaji wa shajara amekwisha kufundishwa maana ya neno rubani katika safari hii. Ni mtu anayehitajiwa, asiyeaminiwa, na anayeweza kuadhibiwa. Malindi mambo yanaonekana kubadilika. Mfalme anatuma kondoo na viungo, anakutana na da Gama mashuani kwa kuwa mgeni anakataa kushuka pwani, na siku kadhaa zinapita kwa mizinga ya heshima na michezo ya farasi. Lakini Jumapili tarehe 22 Aprili, baada ya siku mbili bila mtu kuja chomboni, mashua ya mfalme inamleta mtumishi wake wa karibu. Da Gama anamkamata na kumpelekea mfalme habari kwamba anawataka marubani alioahidiwa. Mfalme anamleta rubani mmoja, na mtumishi anaachiliwa.

Hapa ndipo moyo wa uhakiki huu ulipo. Shajara inaeleza tukio hilo kwa sentensi chache, bila aibu na bila fahari, kama inavyoeleza kuchota maji. Kimuundo, hata hivyo, ni mabadilishano: mtu mmoja anatoka, mwingine anaingia. Rubani wa Malindi anaingia katika historia ya dunia akiwa fidia ya mtu aliyeshikwa rahani. Baada ya hapo mwandishi anamweleza kwa sifa moja tu, kwamba ni Mkristo.

Sifa hiyo nayo inahitaji kusomwa kwa tahadhari. Wareno walikuja wakitarajia kuwakuta Wakristo wa Mashariki, na matarajio yao yaliwafanya wawaone kila mahali. Pale Malindi waliwaonyesha Wahindi picha takatifu, na Wahindi walipoinama kwa heshima wakahesabiwa kuwa waumini. Calicut waliingia katika hekalu la Kihindu na kusali wakidhani ni kanisa. Kwa hiyo neno Mkristo katika shajara halitupi dini ya rubani bali linatupa haja ya msimulizi. Mtu aliyepatikana kwa kumshika mwenzake anageuzwa ndugu wa imani, na ubavu uliotumika kumpata unapungua uzito.

3.0 Barros: rubani kama hazina

João de Barros alichapisha sehemu ya kwanza ya historia yake ya matendo ya Wareno katika Asia mwaka 1552, zaidi ya nusu karne baada ya safari. Mwaka mmoja kabla yake, Fernão Lopes de Castanheda alikuwa amemtaja rubani kuwa Mgujarati aitwaye Canaqua. Barros anamwita Malemo Cana, naye anasema ni Mwislamu wa Gujarati. Mkristo wa shajara amekwisha kupotea.

Barros anafanya mambo mawili yanayovutana. La kwanza, analifuta kabisa tukio la mtumishi aliyekamatwa. Katika usimulizi wake rubani anakubali kwenda kwa sababu mbili: alipendezwa na mazungumzo ya Wareno, na alitaka kumridhisha mfalme aliyekuwa akiwatafutia rubani. Nguvu imegeuka kuwa urafiki. La pili, kwa kuwa sasa rubani ni mtu huru, Barros anampa kitu ambacho shajara haikumpa, yaani ujuzi unaoonekana. Rubani anatoa ramani ya pwani yote ya Bara Hindi iliyochorwa kwa mistari. Da Gama anamwonyesha kipimanyota kikubwa cha mbao na vingine vya madini, naye hashangai. Anaeleza kwamba marubani wa Bahari ya Shamu hutumia vipimo vya shaba, na kwamba yeye na mabaharia wa Cambay hutumia kifaa kingine cha vipande vitatu vya ubao.

Kutoshangaa huku ndiko kitendo cha pekee cha rubani chenye uzito wa kidrama katika matini zote tano. Mgeni anatoa chombo chake cha fahari akitarajia mshangao, na mwenyeji anajibu kwa kulinganisha. Kwa mara moja rubani si mtumwa wa safari bali ni mtaalamu anayezungumza na mtaalamu mwenzake, na ulinganishi wake unafungua dunia ambayo da Gama hakuijua, yenye shule zaidi ya moja za ubaharia na vifaa zaidi ya kimoja. Hata hivyo Barros hauachi mlango huo wazi kwa muda mrefu. Anasema da Gama alimwona rubani kuwa hazina kubwa, akaharakisha kuondoka ili asimpoteze. Hazina haina hiari. Hofu ya kumpoteza rubani, ambayo haielezeki ikiwa rubani alikuja kwa kupenda mazungumzo, ni alama ya lile tukio la mateka lililofutwa. Matini inakumbuka kile ambacho mwandishi amekisahau kwa makusudi au kwa kutokujua.

Jina lenyewe linastahili kuangaliwa. Malemo ni neno la Kiarabu muallim, ambalo Kiswahili kinalo kwa sura mbili: mwalimu wa darasani, na malimu, yaani msimamizi wa mwendo wa chombo baharini. Cana au Canaqua limehusishwa na kanaka, neno la Bara Hindi kwa mtu anayehesabu na kusoma nyota. Kwa hiyo jina ambalo Barros anatupa si jina. Ni vyeo viwili vya kazi moja vilivyounganishwa, kana kwamba mtu angeandika kuwa aliongozwa na Bwana Nahodha Rubani. Wareno waliuliza mtu huyu anaitwaje, wakaambiwa anafanya nini.

4.0 Camões: rubani kama kinyume

Os Lusíadas ilichapwa mwaka 1572. Camões hakuwa mgeni wa bahari hii. Alisafiri kwenda Bara Hindi mwaka 1553, na akiwa njiani kurudi alikwama katika Kisiwa cha Msumbiji katika hali ya ufukara. Alizijua pepo, bandari na lugha za wenyeji zaidi ya Barros aliyeandika akiwa Lisbon. Lakini alikuwa akiandika utenzi wa kishujaa, na utenzi wa aina hiyo una sheria zake.

Sheria ya kwanza ni kwamba vikwazo vya shujaa lazima vitoke juu. Katika tenzi ya kwanza na ya pili kati ya kumi za kazi hiyo, mungu Bacchus anaingia Msumbiji kwa sura ya mzee Mwislamu na kuchochea uadui. Rubani anayetolewa pale ni mwongo kwa kuagizwa, na Mombasa inakuwa mtego. Mungu wa kike Venus na nyimfa wa baharini wanazisukuma jahazi nyuma kwa vifua vyao, na rubani mwongo anajitupa majini akidhani njama imejulikana. Viboko vya kisiwani na mafuta ya moto ya Mombasa havimo. Palipokuwa na mateso pamewekwa muujiza. Kutoroka kwa marubani, ambako katika shajara kunasomeka kama kitendo cha watu wenye sababu ya kuogopa, kunasomeka hapa kama ungamo la hatia.

Sheria ya pili ni ulinganifu. Pakiwa na bandari ya hila lazima pawe na bandari ya ukarimu. Malindi ya Camões ni kinyume kamili cha Mombasa, na mfalme wake ni msikilizaji bora: da Gama anamsimulia historia yote ya Ureno kuanzia tenzi ya tatu hadi ya tano, naye husikiliza. Hapa pana jambo la kushangaza kwa msomaji wa pwani. Karibu theluthi ya utenzi huu mashuhuri inasemwa bandarini Malindi, mbele ya mfalme wa Waswahili, lakini mfalme huyo hasimulii chochote kuhusu nchi yake. Malindi ni sikio. Mji uliokuwa ukifanya biashara na Gujarati na Uajemi, na ambao mwaka 1415 ulituma twiga kwa mfalme wa China, unapewa kazi ya kustaajabia vita vya Wareno na majirani zao.

Rubani anafuata kanuni ile ile. Mwanzoni mwa tenzi ya sita tunaambiwa kwamba huyu wa Malindi hana udanganyifu, sifa ambayo ina maana kwa sababu tu wenzake waliotangulia walikuwa nao. Mwishoni mwa tenzi hiyo, baada ya dhoruba, ni yeye anayetangaza kwamba nchi inayoonekana ni ya Calicut. Hayo ndiyo maneno yake. Kisha anatoweka, na katika tenzi ya saba nafasi ya mwenyeji anayeeleza mambo inachukuliwa na Monçaide, Mwislamu wa Afrika Kaskazini anayejua lugha ya Rasi ya Iberia. Kazi ya rubani katika muundo imekwisha: amesema jina la mji, na jina lake halihitajiki.

Ni rahisi kumlaumu Camões kwa upendeleo, na lawama hiyo haitupeleki mbali. La muhimu zaidi ni kuona kwamba uaminifu wa rubani katika Os Lusíadas na usaliti wake katika masimulizi mengine ni zao la mbinu moja. Ukiondoa mabadilishano ya mateka, unabaki na mtu aliyejitolea. Aliyejitolea anaweza kusifiwa na upande mmoja na kulaaniwa na upande wa pili. Aliyekuwa fidia hawezi kupewa hukumu hiyo kwa urahisi.

5.0 Historia ya Kilwa: hofu ya waliojua

Pwani nayo iliandika. Historia ya Kilwa, ambayo nakala yake ya Kiarabu ilitoka Zanzibar katika enzi ya Sayyid Barghash na kuchapwa London mwaka 1895, iliandikwa katika karne ya 16 na mtu asiyejitaja jina, ambaye anasema alizaliwa mwaka wa Hijria 904, yaani 1499. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya vyombo vya da Gama kupita. Alikulia katika mji ambao Francisco de Almeida aliuvamia mwaka 1505. Anapoandika kuhusu ujio wa Wafaranji anajua mwisho wa kisa, na matini yake inapaswa kusomwa hivyo.

Kwa usimulizi wake, habari zilifika kutoka Msumbiji kwamba vyombo vitatu vimekuja, na mkuu wao akiitwa al-Mirati, ambalo ni neno la Kireno la amiri wa bahari lililogeuzwa kuwa jina la mtu. Tumeona Wareno wakigeuza cheo cha rubani kuwa jina lake, na hapa mwandishi wa Kilwa anakigeuza cheo cha da Gama kuwa jina lake. Kila upande uliusikia mwingine kwa namna moja. Mwandishi anaendelea kueleza kwamba kwanza wapo waliofurahi wakidhani wageni ni watu wema, lakini wale walioujua ukweli walithibitisha kwamba hawa wamekuja kuipeleleza nchi ili waiteke. Watu wa Malindi walipowaona walitambua kuwa ni waletaji wa vita na uharibifu, wakaingiwa na hofu kubwa, wakawapa kila walichotaka: maji, chakula, kuni. Wafaranji wakaomba rubani wa kuwafikisha Hindi na kuwarudisha kwao, na hapo mwandishi anaongeza laana juu ya nchi yao.

Matini hii, iliyoandikwa na adui, ndiyo inayokaribiana zaidi na shajara iliyoandikwa na mshiriki. Zote mbili zinamweka rubani ndani ya shinikizo. Moja inataja kitendo, nyingine inataja hofu. Barros na Camões, walio katikati yao kihistoria au kifasihi, ndio waliouondoa ulazima.

Hata hivyo uhakiki wa haki hauwezi kuikubali historia ya Kilwa bila kuipima. Neno hofu linaisafisha Malindi mno. Malindi ilikuwa na ushindani wa muda mrefu na Mombasa, na watawala wake waliendelea kuwa washirika wa Wareno kwa karibu karne nzima, hata mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa katika miaka ya 1590, wakati Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa. Mfalme aliyempokea da Gama alikuwa na hesabu zake. Mwandishi wa Kilwa anauficha ushindani huo wa ndani kwa sababu anataka pwani yote iwe na macho mamoja mbele ya adui. Kwa njia hiyo yeye pia anafanya alichofanya Camões: anaifanya Malindi isimamie maana aliyoihitaji. Tofauti ni kwamba hakumgusa rubani. Hakumpa dini, kabila wala tabia. Alimwacha kuwa ombi lililotimizwa kwa woga.

6.0 Al-Nahrawali na mzigo wa jina

Jina maarufu kuliko yote linatoka mbali na Malindi. Al-Nahrawali, aliyeandika Makka katika nusu ya pili ya karne ya 16 kuhusu ushindi wa Waturuki nchini Yemen, anasema kwamba Wafaranji walionyeshwa njia na baharia hodari aitwaye Ahmad bin Majid, na kwamba alifanya hivyo akiwa amelewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand aliliunganisha jina hilo na rubani wa Malindi, na tangu hapo limeingia katika vitabu vingi. G. R. Tibbetts, aliyetafsiri kazi kuu ya Ibn Majid mwaka 1971, ni miongoni mwa waliopinga.

Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar, katika Ghuba, na mwandishi mwenye kujitambua sana. Alitunga maelekezo ya ubaharia kwa nathari na kwa shairi, likiwamo shairi refu kuhusu njia za kwenda Sofala. Shairi hilo lina mistari inayowataja Wafaranji, na wataalamu wanabishana iwapo yote ni yake au mingine iliongezwa baadaye. Lakini katika kazi zake hakuna mahali anaposema kuwa yeye ndiye aliyewaongoza. Pia hapana ushahidi wa kuunganisha mtu wa Julfar na Mgujarati wa Barros au Mkristo wa shajara.

Kihakiki, ulevi ndio unaofichua kazi ya simulizi hii. Al-Nahrawali anaandika baada ya Wareno kuvuruga biashara ya Bahari ya Shamu. Anahitaji maelezo ya namna bahari ya Waislamu ilivyovunjwa, na maelezo hayo lazima yaokoe heshima ya elimu yao. Ulevi unatimiza mambo yote mawili: mtaalamu anabaki mtaalamu, kosa linakuwa la kileo. Ni muundo tunaoufahamu katika ngano nyingi za miji iliyoanguka, ambamo kuta hazikubomolewa na adui bali zilifunguliwa na mtu mmoja dhaifu wa ndani. Ngano ya aina hiyo hufariji, kwa kuwa kushindwa kunapata mwenye dhima. Lakini hutoza gharama: humtwika mtu mmoja, ambaye pengine hakuwepo, historia ya mizinga na mataifa.

7.0 Istilahi na ushahidi wa safari ya kurudi

Kiswahili kina msamiati unaoweza kuusaidia uhakiki huu. Kwa wasafiri wa Kizungu vitabu vya historia vya Kiswahili vimezoea neno wapelelezi, wakitajwa pamoja na wamisionari na wafanyabiashara kuwa mawakala wa ukoloni. Wengine hupendelea wavumbuzi au wagunduzi. Maneno haya hayabadilishani. Kuvumbua ni kukuta kilichokuwa kimefichika, na kugundua ni kutambua ambacho mtu hakukijua. Vitenzi vyote viwili vinaelezea hali ya mtendaji, si hali ya kitu. Kupeleleza, kinyume chake, kunataja nia na kunamchukulia anayepelelezwa kuwa yupo na ana mali yake. Ndiyo shutuma ya historia ya Kilwa. Neno la vitabu vya shule limehifadhi hukumu ya mwandishi wa karne ya 16, ingawa wengi wanaolitumia hawajamsoma.

Uchaguzi wa istilahi unahusu pia elimu ya rubani. Ilikuwa elimu ya nyota, lakini kwanza ilikuwa elimu ya majira. Chombo kinachoondoka Malindi mwishoni mwa Aprili kinasukumwa na kusi inayoanza na kuwahi Malabar kabla haijawa kali kiasi cha kufunga bandari. Kurudi kunangoja kaskazi. Da Gama aliondoka pwani ya Hindi mwanzoni mwa Oktoba 1498, kabla kaskazi haijashika. Shajara inasema walikaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, kwa utulivu wa upepo na pepo za mbele, mpaka walipoiona pwani ya Afrika tarehe 2 Januari 1499. Kiseyeye kiliua watu 30 katika mvuko huo, na kila chombo kilibaki na mabaharia saba au wanane wenye nguvu. Chombo cha São Rafael kilichomwa moto njiani kwa kukosa watu wa kukiendesha.

Hiyo ndiyo picha kamili ya rubani tuliyo nayo. Hatuwezi kumwona katika safari ya kwenda, kwa sababu kazi iliyofanywa vizuri haisimuliwi. Shajara inazipita siku za mvuko kwa maneno machache. Tunamwona katika safari ya kurudi, ambamo ujuzi wake haukufuatwa. Siku zisizofikia 25 kwa upande mmoja na karibu 90 kwa upande wa pili ni maelezo ya mhusika yaliyo bora kuliko yote waliyoyaandika Barros, Camões na al-Nahrawali, kwa sababu hayamhitaji kuwa Mkristo, rafiki, mwaminifu wala mlevi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba rubani wa Malindi hajulikani si kwa uhaba wa masimulizi bali kwa wingi wake. Kila msimulizi alimjaza kwa kilichomkosesha raha: shajara kwa dini, Barros kwa urafiki, Camões kwa uaminifu, al-Nahrawali kwa ulevi. Historia ya Kilwa peke yake ilimwacha bila sifa, ingawa nayo iliificha siasa ya Malindi. Pengo lililojazwa ni lile lile, yaani Jumapili ya tarehe 22 Aprili 1498, na mtu wa mfalme aliyeshikwa chomboni.

Mtumishi huyo naye hana jina, na hakuna aliyelitafuta. Katika ufundishaji wa fasihi na historia ya pwani, pendekezo la makala haya ni kwamba aingizwe katika kisa. Tukimrudisha, swali la kwamba je, rubani alikuwa shujaa au msaliti, linapoteza msingi wake, na mahali pake panakuja maswali yanayojibika: mfalme alikuwa akihesabu nini, da Gama aliruhusiwa na nini kushika mtu wa mwenyeji wake, na elimu ya bahari ilithaminiwaje na waliokuwa nayo. Nguzo ya Vasco da Gama bado imesimama Malindi, juu ya mwamba unaotazama bahari. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake pale hana haja ya kuwatajia rubani kwa jina la kubahatisha. Inatosha awaambie siku mbili za kuungoja mkono wa mfalme, mtu aliyekamatwa, na mtu aliyetolewa ili huyo arudi kwao.